Perldoc

Perldoc ni programu ya kompyuta inayoonyesha maelezo ya lugha ya programu ya Perl kwenye dirisha la amri. Maelezo hayo huhifadhiwa ndani ya kompyuta yenyewe, hivyo husomeka hata pasipo intaneti. Perldoc ikishindwa kufanya kazi, mara nyingi Perl yenyewe huwa nzima; kasoro huwa kwamba maelezo hayapo, hayapatikani au hayaonyeshwi vizuri.

Historia

Perl ilibuniwa na Mmarekani Larry Wall mwaka 1987. Toleo la 5, lililotoka mwaka 1994, lilileta POD, yaani mtindo wa kuandika maelezo ndani ya faili lilelile lenye msimbo. Perldoc husoma POD na kuigeuza kuwa maandishi ya kawaida. Kwa mfano, amri perldoc -f sprintf huonyesha maelezo ya sprintf peke yake.

Hitilafu za kawaida

Maelezo hayapo. Katika mfumo wa Debian, Perl na maelezo yake hugawanywa katika vifurushi tofauti. Mtumiaji asiye na maelezo hayo hutakiwa kusakinisha kifurushi cha perl-doc.

Moduli haipatikani. Perldoc hutafuta moduli katika folda zinazotumiwa na Perl. Moduli iliyowekwa kwingine huonekana baada ya folda yake kutajwa katika PERL5LIB. Katika Linux herufi kubwa na ndogo hutofautishwa: List::Util si sawa na list::util. Moduli isiyo na POD inaweza kusomwa msimbo wake kwa perldoc -m.

Alama ngeni kwenye skrini. Alama kama ESC[1m ni maagizo ya kukoleza herufi ambayo programu ya kupitisha kurasa haikuyaelewa. Amri perldoc -T huiruka programu hiyo. Kuweka "less -R" katika PERLDOC_PAGER huondoa tatizo kwa kudumu.

Makosa ya mwandishi

Sehemu ya POD iliyo katikati ya msimbo hufungwa kwa =cut. Ikisahauliwa, Perl huuhesabu msimbo unaofuata kuwa maelezo na kuuruka. Programu inaweza kumalizika bila onyo huku nusu ya kazi haikufanyika. Kwa makosa mengine, podchecker hutaja mstari wenye kasoro, kwa mfano orodha iliyofunguliwa kwa =over bila kufungwa kwa =back.