Propioneti ya Kalsiamu: Kizuiakuvu, Si Dawa ya Sumu

Ukifungua mfuko wa propioneti ya kalsiamu utakuta unga mweupe wenye harufu hafifu ya uchachu, unaoyeyuka vizuri majini. Watengenezaji wa chakula cha mifugo huutia kwenye pumba, mashudu na mahindi ya kusaga ili visiote ukungu. Waoka mikate nao huutumia kwa sababu hiyohiyo, na kwenye pakiti ya mkate huweza kuandikwa kwa namba tu, E282. Mtu anaweza kuuita chumvi ya kalsiamu, au kihifadhi, au dawa ya ukungu, na katika mazungumzo ya kawaida ataeleweka. Lakini majina hayo hayana uzito sawa. Lipo linalomwonyesha mfugaji kazi halisi ya unga huu, na lipo linaloweza kumpoteza.

Mwaka 1847 mkemia Mfaransa Jean-Baptiste Dumas aliipa asidi ya propioniki jina lake kwa kuunga maneno mawili ya Kigiriki, moja likiwa na maana ya “kwanza” na jingine “mafuta”, kwa kuwa ndiyo asidi ndogo kuliko zote zenye tabia ya asidi za mafuta. Asidi hiyo ikichanganywa na chokaa, hupatikana maji na chumvi, na chumvi hiyo ndiyo tunayoizungumzia. Namna ya kupokea majina ya chumvi za aina hii tunayo tayari: tunasema kaboneti, salfeti, fosfeti. Kwa kanuni hiyohiyo tunapata propioneti bila kubuni mapya. Kinachobaki ni mpangilio, na hapa sarufi yetu inasaidia kemia. Kiswahili hutanguliza kitu chenyewe, kisha sifa yake. Tukisema propioneti ya kalsiamu, tunatanguliza sehemu inayofanya kazi. Tukisema chumvi ya kalsiamu, tunatanguliza neno linalomkumbusha mfugaji jiwe la kulamba, kisha madini anayoyatafuta kwa ajili ya maganda ya mayai. Kweli kalsiamu imo, kiasi cha asilimia 21 ya uzito, lakini haiwekwi kwa ajili hiyo.

Kazi hufanywa na propioneti pale inaporudi kuwa asidi ndani ya unyevu wa chakula. Chembe ya asidi isiyo na chaji hupenya utando wa seli ya kuvu, na ikishaingia huachia uchachu wake ndani, kuvu ikashindwa kukua. Ndiyo maana unga huu hutaka mazingira yenye uchachu: penye pH ya 4.9 hivi, karibu nusu yake huwa katika hali hiyo ya kupenya, lakini penye pH ya 6 hubaki takribani asilimia 7 tu. Asidi tupu ingefanya kazi hiyohiyo, ila ni kimiminika chenye harufu kali kinachounguza ngozi na kula vyuma, ilhali chumvi yake ni unga unaochanganyika kwa urahisi.

Hapo ndipo neno “dawa” linapoleta hatari. Dawa, katika masikio yetu, huponya kilichokwisha kuugua. Propioneti haiponyi. Inazuia kuvu isiote; sumukuvu, yaani sumu inayotolewa na kuvu, ikishatengenezwa, haiiondoi. Mahindi yaliyokwisha kuoza yakinyunyiziwa unga huu yataacha kuota ukungu zaidi, na sumu itabaki palepale. Ng’ombe akiyala, sehemu ya sumu hiyo huingia kwenye maziwa. Nchini Kenya mwaka 2004 watu 125 walikufa kwa kula mahindi yenye sumukuvu, wengi wao katika maeneo ya Makueni na Kitui. Hilo linatosha kutuonya tusilifanyie mzaha neno linaloahidi kuponya. Kwa hiyo kazi ya unga huu iitwe kizuiakuvu, neno linalosema kinachozuiwa na linalokaa jirani na sumukuvu, ambalo limekwisha kuzoeleka Tanzania.

Yuko atakayesema kwamba mfugaji hana haja na kemia, na kwamba “dawa ya ukungu” inamtosha. Ingemtosha kama isingeahidi zaidi ya inachoweza. Mwingine atasema propioneti ni neno la kigeni, afadhali tutafsiri maana yake ya Kigiriki. Lakini “mafuta ya kwanza” lingemfanya msomaji atafute mafuta kwenye unga usio na mafuta, na lingemkatia njia ya kulinganisha lebo ya hapa na lebo ya kwingine. Jina la kitu linaweza kukopwa bila hasara. Jina la kazi yake halina budi kueleweka mara moja. Lebo iandike yote mawili, propioneti ya kalsiamu, kizuiakuvu, na chini yake sharti ambalo hakuna unga unaoliondoa: mahindi yakaushwe kwanza hadi unyevu usizidi asilimia 13.5.