Ndovu Mwenye Amri Yake
Nilipozuru Mbuga ya Taifa ya Marsabit, msitu wa ukungu juu ya volkano iliyozimika kaskazini mwa Kenya, nilimkumbuka ndovu Ahmed. Mwaka 1970 Rais Jomo Kenyatta alimwekea ulinzi kwa amri; akafa kifo cha kawaida mwaka 1974. Uwindaji nchini ulipigwa marufuku mwaka 1977. Je, katika miaka hiyo ndovu wasio na jina walilindwa na nani? Waliuawa kwa ajili ya pembe. Msitu nao hauna jina la kuombewa amri, ilhali miti yake hunasa ukungu na kuwapatia maji Waborana, Wagabra na Warendille. Hisani ya mtawala humwokoa mmoja; sheria inayotekelezwa huokoa wote.