Mazungumzo ya Kitabuni: Urithi kutoka kwa Mkimbizi Mwenzetu



Katika kuadhimisha Siku ya Wakimbizi, sisi walimu wa Kiingereza tumeona vema kueleza asili ya somo ambalo wengi wenu hulisikia mkipita karibu na madarasa yetu. Mwanafunzi mmoja ni muuzaji, mwingine mnunuzi, na kila mmoja husema maneno yaliyokwisha andikwa. Baadhi ya wazazi hudhani ni mchezo. La hasha! Ni njia ya zamani, na mmoja wa waliotangulia kuitumia kufundisha Kiingereza alikuwa mkimbizi kama sisi.

Katika karne ya 16, Waprotestanti wa Ufaransa walioitwa Wahugenoti waliteswa kwa ajili ya dini yao. Baada ya mauaji ya Siku ya Mtakatifu Bartolomayo, mwaka 1572, wengi walikimbilia Uingereza. Walikuwamo mafundi hodari, lakini sokoni walikuwa kama mabubu. Miongoni mwa wakimbizi hao alikuwa mwalimu Jacques Bellot. Mwaka 1586 alitoa mjini London kitabu kiitwacho Familiar Dialogues. Katika dibaji alieleza kwamba aliijua huzuni ya mkimbizi asiyeelewa lugha ya nchi anamoishi.

Bellot hakuwapa sarufi, aliwapa mazungumzo ya siku nzima: kuamka asubuhi, watoto kwenda shule, kununua nyama, samaki na nguo, kula pamoja na wageni. Kurasa ziligawanywa safu tatu: Kiingereza, Kifaransa, na matamshi ya Kiingereza kwa herufi walizozizoea Wafaransa.

Nasi tukiri kosa letu. Mwanafunzi wetu mmoja alikariri vizuri mazungumzo ya kukata tiketi ya treni. Siku alipomsindikiza mama yake zahanati, daktari mgeni aliuliza kwa Kiingereza ugonjwa ulianza lini. Kijana akanyamaza, na mama akarudi nyumbani bila kueleweka.

Tangu hapo tunatunga mazungumzo yetu wenyewe: ya zahanati, ya mgao wa chakula, ya bombani. Wakishakariri, mmoja hubadili swali bila kumwarifu mwenzake, ili ajifunze kusikiliza.

Kwa ndugu zetu wa mashirika, tunaomba mtuandikie maswali mnayowauliza watu wetu kila siku. Tutayafundisha.