Safu ya Mama

Wakili alituuliza swali moja tu na sote tukanyamaza: "Mna karatasi gani inayoonyesha kwamba mama yenu aliolewa?"

Baba aliangalia kofia yake. Shangazi akaangalia dirisha, ambako makanga walikuwa wakiita watu wa Othaya. Mimi nilikuwa nimeletwa pale kama msomi wa familia, yaani yule aliyeacha chuo mwaka wa tatu na sasa analipwa kwa makala, akilipwa.

Kesi yenyewe ni fupi. Guka alifariki mwaka wa 1994 na shamba lake la Tetu bado liko kwa jina lake. Alikuwa na nyumba mbili. Nyumba ya kwanza ina cheti cha ndoa ya kanisani cha 1951. Nyumba ya pili, ya shosho yangu, haina kitu. Sasa wana wa nyumba ya kwanza wameenda kortini, na kwenye orodha yao ya warithi sisi hatumo.

Sheria haijatufungia mlango. Sheria ya Urithi ilianza kutumika 1981, na kifungu cha 3(5) kinamtambua mwanamke aliyeolewa kimila kuwa mke katika mambo ya urithi, hata kama mume alikuwa ameshafunga ndoa kanisani na mwingine. Lakini lazima uonyeshe kwamba aliolewa. Shosho alituacha 2011. Wazee waliokula mbuzi wa ng'urario wake wote wameshazikwa.

Nikasema nitatafuta. Nilidhani ni kazi ya wiki mbili.

Kitu cha kwanza nilichojifunza ni kwamba serikali ya kikoloni iliwahesabu wanawake wetu kabla ya kutaka kujua majina yao. Kodi ya nyumba ilianza 1901. Mzee mwenye wake watatu alikuwa na nyumba tatu, basi alilipia tatu. Ndivyo mama za mababu zetu walivyoingia kwenye vitabu vya serikali: kama nyumba.

Kisha kikaja kipande. Sheria yake ilipitishwa 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanamume Mwafrika mtu mzima alitakiwa kubeba karatasi yenye jina lake, kabila lake, alama za vidole, mwajiri wake na mshahara, ikiwa ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inia shingoni. Wazee walikiita kengele ya mbuzi, na walikuwa na haki. Wanawake hawakukivaa, na huwa tunasimulia hilo kama bahati yao. Lakini ukianza kumtafuta shosho yako, hiyo bahati inageuka kuwa shimo. Makaratasi yale yaliandikwa na mtu anayetafuta kibarua na kodi, na mahali ambapo hakuhitaji mwanamke, hakumwandika. Uhuru ulikuja 1963, na bado ni mpaka 1978 ndipo sheria ilipobadilishwa ili wanawake wasajiliwe na kupewa vitambulisho. Miaka 15 ya kuwa raia wa nchi huru bila kitambulisho!

Cha shosho tunacho. Hakina siku wala mwezi wa kuzaliwa, kina mwaka tu, 1943. Na huo mwaka karani hakuutoa kwenye kitabu chochote. Shosho alimwambia kwamba alizaliwa wakati wa Ng'aragu ya Mianga, ile njaa ambayo watu walikula mihogo, na karani akajua hesabu. Watu wa huku walihesabu miaka kwa njaa na kwa rika za waliotahiriwa pamoja. Naiamini hiyo kalenda kuliko vyeti kadhaa nilivyoviona mwaka huu.

Kanisani nilifika nikiwa na matumaini. Guka alibatizwa Mkatoliki, na Wakatoliki wana utaratibu mzuri sana kwa watu kama mimi: tangu 1908, ndoa ya mtu inatakiwa kuandikwa pembeni ya jina lake kwenye kitabu cha ubatizo. Ukipata ubatizo umepata na ndoa. Wamisionari wa Consolata walifika nchini 1902, na kufikia wakati wa guka walikuwa wameshajaza vitabu vingi. Kimoja nilifunguliwa mezani, karatasi zake za kahawia, maneno ya Kilatini, wino uliofifia.

Nikampata guka. Pembeni, kwa mwandiko mwingine, ndoa ya 1951 na jina la mke wa kwanza. Basi.

"Huyo wa pili, mama, hangeandikwa hapa," padri aliniambia kwa upole. Niliijua hiyo sababu hata kabla hajasema. Siku guka alipomleta shosho nyumbani, kitabu kile kilimfungia ukurasa.

Nikavuka hadi Mathira, alikozaliwa shosho, nikidhani angalau ubatizo wake mwenyewe utakuwa kwa Waskoti wa Tumutumu. Hapo nikakutana na mwaka wa 1929. Misheni ilikuwa imepinga tohara ya wasichana, na ikawataka waumini waonyeshe msimamo wao kwa kuweka alama ya kidole gumba, kirore. Waliotia kidole wakabaki. Waliokataa wakaondoka, na wengi wakaanzisha makanisa na shule zao huru. Mwaka 1935 walimleta Askofu Daniel William Alexander kutoka Afrika Kusini awafundishie mapadri. Baba yake shosho alikuwa kati ya waliokataa. Siwezi kutetea alichokuwa akitetea. Kuna wanawake wa familia yetu waliolipa bei yake. Ila kama shosho aliandikwa popote akiwa mtoto, ni kwa hao watu wa kanisa huru. Oktoba 1952 ikatangazwa Hali ya Hatari, shule zao zikafungwa, viongozi wakakamatwa. Nimeuliza kuhusu vitabu vyao kutoka Karatina hadi Ruthagati. Watu wananikaribisha chai.

Tangu 1954 watu zaidi ya milioni moja wa Mkoa wa Kati walihamishwa kwa nguvu hadi kwenye vijiji vilivyozungushiwa mitaro na miiba. Shosho alikuwa na miaka 11. Alikuwa akisimulia mtaro tu, jinsi walivyouchimba. Sikuwahi kumuuliza zaidi, na hilo ni kosa langu, si la mkoloni.

Guka alitoka kizuizini 1959. Kufikia 1961 shosho alikuwa kwake. Shangazi akazaliwa, halafu baba, 1964.

Na hapo ndipo nilipopata bahati. Kwa Waafrika, usajili wa lazima wa vizazi na vifo haukuanza nchi nzima kwa mpigo. Ulianza 1963 katika wilaya mbili, Nairobi na Nyeri, na ni 1971 tu ndipo Kenya yote ilipoingia. Baba angezaliwa Meru au Embu mwaka uleule, huenda nisingepata kitu. Yeye mwenyewe hakuwahi kuchukua cheti. Kitambulisho alikipata kwa barua ya chifu. Lakini mtu alikuwa ameandikisha. Kwenye safu ya baba kuna jina la guka. Kwenye safu ya mama kuna shosho, jina ambalo nami ninalibeba, likiwa na herufi moja mbaya katikati na jina la babake limeandikwa kama mtu alivyolisikia.

Nilipiga picha ya nakala nikamtumia baba. Alinijibu baada ya saa nzima: "Ni yeye."

Wakili alifurahi, kisha akapunguza furaha yake. Kuzaa na mtu si kuolewa naye. Nikamwambia kuhusu majina. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume huitwa kwa babake mume. Mwanamke ambaye hajaolewa huita kwa babake mwenyewe. Baba ana jina la babake guka, sawasawa na baba mkubwa wa nyumba ya kwanza. Wanaume wawili, boma moja, jina moja. Hiyo haitokei kwa mtoto wa nje. Wakili akasema hoja ni nzuri, lakini anataka mtu hai.

Mtu hai yuko. Ni mke wa kwanza. Ana miaka zaidi ya 90, na ni mama wa hao hao waliotuacha nje ya orodha.

Nilienda Jumapili asubuhi nikijua wanawe wako kanisani. Nilibeba sukari, majani chai na mkate. Alikuwa anaota jua kwenye kiti cha miguu mitatu, akanitambua kwa sauti.

"Umekuja, mke mwenzangu," akasema. Huniita hivyo tangu nikiwa mdogo. Nimeitwa jina la shosho, kwa hiyo mimi ni shosho.

"Nimekuja, shosho. Uliamkaje?"

Nilimsomea ile nakala. Nilipofika kwenye jina, akanisimamisha. "Wamekosea. Hakuitwa hivyo." Akalitamka polepole, mara mbili, mpaka nikaliandika vizuri. Kisha akasema mbuzi wa ng'urario walichinjwa pale penye mparachichi, na kwamba yeye ndiye aliyepika. Hakuwa na furaha siku hiyo, akaniambia, lakini alipika. Na baba alipozaliwa usiku, hakukuwa na mtu mwingine bomani.

"Nani alimpokea? Mikono hii."

Nikamuuliza kama anaweza kumwambia wakili hivyo, iandikwe hati ya kiapo. Alinyamaza muda mrefu. Ng'ombe akalia.

"Wanangu watakasirika."

"Watakasirika, shosho."

"Kuandika sijui. Watakubali kidole?"

Nikamwambia watakubali.

"Basi uniletee gari. Matatu siwezi kupanda tena."

Wakili ametupa Alhamisi saa nne. Natafuta gari.