Kabla ya Migahawa Kulikuwa na Mama: Stori ya Sahani ya Bei Poa Majengo, Mpanda

Wadau, ukishuka Mpanda na njaa yako na mfukoni una buku mbili tatu, usijisumbue na hoteli. Ingia Majengo, tafuta mama lishe. Ugali, maharage, mgebuka, mboga za majani, umemaliza.

Ila hii sahani haikuanza jana.

Reli ya kutoka Kaliua ilifika Mpanda mwaka 1950, na sababu kubwa ilikuwa mgodi wa risasi wa Uruwira (risasi ya madini jamani, siyo ya bunduki). Penye wanaume wengi waliotoka mbali kutafuta kibarua, lazima pawe na mtu wa kupika. Jina la mgodi tunalo. Jina la aliyesonga ugali hatuna. Mgodi ukafa, reli ikabaki, na watu hawakuacha kula.

Chakula chenyewe kipo karibu, ndiyo maana bei imekaa vizuri. Migebuka na dagaa wanatoka Ziwa Tanganyika, pande za Karema na Ikola. Mahindi na maharage yanalimwa mkoani humu humu, pamoja na Katumba na Mishamo, walikopokelewa wakimbizi wa Burundi miaka ya 1970 wakafyeka pori na kulima. Na mahindi yenyewe asili yake Amerika, Wareno ndio wanaotajwa kuyaleta pwani yetu. Hata neno meza ni lao. Kwa hiyo ukikaa mezani Majengo kula ugali, Mreno yupo hapo, bili tu ndiyo halipi.

Zamani tuliwaita mama ntilie, yaani mteja anasema "nitilie". Baadaye ikaonekana jina lina dharau, likaja mama lishe. Walioongezeka sana ni wa miaka ya 1980, mshahara wa baba ulipokuwa haufiki mwisho wa mwezi na sukari inapangiwa foleni. Mama akatoka na sufuria. Serikali nayo mwaka 1983 ikaleta sheria ya Nguvu Kazi, na mijini watu waliohesabiwa hawana kazi wakasombwa kurudishwa vijijini. Yaani unaamka saa kumi alfajiri kuwasha moto, halafu unaambiwa huna kazi!

Ilibidi tusubiri mpaka Desemba 2018 ndipo vikatoka vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, shilingi 20,000 kimoja, na mama lishe wakiwemo.

Mimi naona tunaposifia "bei poa" tunasahau nani anaifanya iwe poa. Mkaa ukipanda, mchele ukipanda, mama anaogopa kupandisha sahani maana wateja watahamia kwa jirani. Anapunguza faida yake. Juu ya hapo ana daftari la madeni, na baadhi yenu mnaosoma hapa mmo, mnajijua.

Haya, tupia kwenye komenti: mama aliyekulisha kwa mkopo ulipokuwa huna kitu alikuwa mtaa gani? Na ulimlipa?