Sinema na Vijana wa Shaba: Kutoka Jadotville hadi Likasi

Sinema ya mafundisho iliingia Kongo kwa sehemu kwa sababu wakubwa wa kikoloni waliogopa filamu zingewafundisha Waafrika nini. Likasi ilipokuwa bado ikiitwa Jadotville, na viwanda vya Panda na Shituru vikisafisha shaba ya kampuni ya Union Minière, tume za ukaguzi ndizo zilizoamua Mwafrika atazame filamu gani. Picha za ujambazi zilikatwa zisije zikamfundisha kijana wa kambi ya wafanyakazi kuiba. Pengo likajazwa na mapadri wamisionari wa shirika la Scheut: Alexandre Van den Heuvel huko Léopoldville, na Albert Van Haelst kule Kasai, aliyewachekesha watu kwa filamu za Matamata na Pilipili. Funzo lilikuwa hili: mjinga hupatwa na balaa, mtiifu huneemeka.

Tanganyika ilikuwa imetangulia. Kati ya 1935 na 1937, Meja Notcutt na wenzake, wakiwa Vugiri, walipiga filamu za kuwafundisha Waafrika; mojawapo, ya kuhimiza benki ya posta, ilimwonyesha mwizi akifukua pesa zilizozikwa ardhini. Mwaka 1952 Rashidi Kawawa, ambaye miaka kumi baadaye alikuwa Waziri Mkuu, aliigiza katika *Muhogo Mchungu*, kisa cha mtu wa shamba anayetapeliwa Dar es Salaam. Ninaithamini kuliko zile za mapadri, kwa kuwa mtazamaji aliuona mji wake mwenyewe, na hatari anayoijua.

Lakini vijana hawakungoja kuchaguliwa mashujaa. Huko Léopoldville ya miaka ya 1950, wale walioitwa Bills walijitwalia mavazi na majina ya wachunga ng'ombe wa filamu za Marekani, wakagawana mitaa na kupigana. Wengi walilaumu sinema, na lawama hiyo ilisahau ubaguzi, ukosefu wa kazi na wa shule. Aliyewaelewa vizuri zaidi ni padri Jef de Laet: aliishi nao, akacheza nao, wakamwita Père Buffalo. Hakuwatisha.

Kutisha kulijaribiwa kwingine. Mwaka 1978 filamu ya Marekani *Scared Straight!* iliwaonyesha wafungwa wa gereza la Rahway, New Jersey, wakiwafokea vijana waliopelekwa humo ili waogope jela. Ilipata tuzo ya Oscar, na mpango wake ukaigwa kwingi. Kisha Anthony Petrosino na wenzake wakakusanya majaribio 9 ya mipango ya aina hiyo, na mwaka 2002 wakaeleza kwamba vijana waliopitia humo walifanya makosa zaidi kuliko walioachwa bila kufanyiwa lolote. Kila shirika linalotaka kupeleka projekta kwa vijana lianzie hapo.

Kwetu Katanga jambo hili ni zito. Gécamines, kampuni ya serikali iliyorithi migodi ya Union Minière, ilianguka katika miaka ya 1990, na mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliachishwa kazi kwa mpango uliofadhiliwa na Benki ya Dunia. Mshahara wa baba ulipokwisha, karo ikakwisha. Mtoto akashika sururu na gunia akaenda kwenye mashimo ya madini, na shimoni ana njia nyingi za kuingia matatani: mgodi wa mwenye kibali, mnunuzi wa magendo, deni la mkuu wa shimo. Ukimwonyesha filamu inayosema tu "usiibe", atakuuliza ale nini.

Mashariki ya Kongo kuna mfano bora. Dada wawili Waholanzi, Ilse na Femke van Velzen, walitengeneza *Weapon of War* mwaka 2009, ambamo wanajeshi waliobaka wanaeleza wenyewe walichofanya. Ilioneshwa kwa sinema ya kutembea mbele ya wanajeshi wenzao, na baada ya picha watu wakajadiliana.

Nasi tunaweza kufanya vivyo hivyo, kwani Likasi ina gereza la Buluwo jirani kabisa. Filamu ya vijana wetu ipigwe na vijana wa Kikula, mtaa wa Likasi, wenyewe, kwa Kiswahili chao, ikimfuata mtu mmoja toka shimoni hadi mlango wa gereza, pamoja na bei, madeni na waliomtuma. Ioneshwe jioni uwanjani, na mtu aliyewahi kufungwa Buluwo akae kati ya watazamaji, wamuulize wanachotaka.