Kuzifanya Upya Ahadi za Ubatizo: Sala ya Kujiweka Wakfu ya Montfort

Mara nyingi tunapozungumza na ndugu zetu Wakatoliki juu ya Mariamu, mabishano hutangulia mazungumzo. Tumeona vema kuichunguza sala moja tu pamoja na historia yake, kwa kuwa inagusa jambo ambalo sisi Walutheri hulihesabu kuwa letu hasa, yaani ubatizo.

Mtungaji wake, Louis-Marie Grignion de Montfort, alizaliwa Ufaransa mwaka 1673 akapewa upadre mwaka 1700. Mwaka 1706 alikwenda Roma kwa miguu akitamani kutumwa nchi za mbali. Papa Klementi wa XI alimrudisha kwao awe mhubiri wa misioni. Wakuu hawakumpenda sikuzote. Huko Pontchâteau maelfu ya wakulima walijenga kwa mikono yao kilima cha Kalvari; Septemba 1710, siku moja kabla ya kukibariki, askofu aliikataza ibada, na kisha ikatoka amri kilima kibomolewe. Montfort alifariki mwaka 1716. Kitabu chake juu ya ibada kwa Mariamu kilikaa sandukuni hadi kilipoonekana mwaka 1842.

Kitabu hicho chafundisha maandalizi ya siku 33. Siku 12 za kwanza mwamini hujitenga na roho ya ulimwengu. Hufuata juma la kuijua nafsi yake, juma la kumjua Mariamu na juma la kumjua Kristo. Baada ya maungamo na Ushirika Mtakatifu huisoma sala na kuitia sahihi. Humkana Shetani na kujitoa mzima kwa Kristo kwa mikono ya Mariamu, akijiita mtumwa. Neno hilo ni zito masikioni mwa watu wa Bagamoyo na Kilwa. Lakini Biblia yetu nayo yamwita Paulo mtumwa katika mstari wa kwanza wa Warumi.

Montfort mwenyewe asisitiza kwamba kujiweka wakfu huku ni kuzifanya upya ahadi za ubatizo. Hapo twashangaa. Luther, katika kitabu chake cha mwaka 1521 juu ya nadhiri za watawa, alikataa kwamba iko nadhiri ipitayo ubatizo. Na katika Katekisimo Ndogo ya 1529 Adamu wa kale huzamishwa kila siku. Tena Montfort hakuwawekea watawa peke yao sala hii, bali aliwapa wakulima na watumishi wa nyumbani.

Hata hivyo hatuwezi kufika naye mwisho wa safari. Wengi wetu hutaja upesi 1 Timotheo 2:5, na ni haki. Lakini kwetu kikwazo kikubwa zaidi ni kingine: mwamini humkabidhi Mariamu thamani ya matendo yake yote mema, ya jana, ya leo na ya kesho. Kuna ajabu hapa, maana aliyetoa stahili zake zote amebaki mikono mitupu kama mwombaji, na Luther angependa kumwona hivyo. Ila stahili zenyewe hazikukanwa, zimehamishwa tu. Kwa mafundisho ya kuhesabiwa haki kwa imani, hazikuwapo za kuhamisha. Katika ufafanuzi wake wa Wimbo wa Mariamu, wa mwaka 1521, Luther alimheshimu mama wa Bwana kwa sababu hakuwa na cha kujivunia ila kutazamwa na Mungu.

Sala hii imefika kwetu pia. Legio ya Maria, iliyoanzishwa Dublin mwaka 1921, ilichota sana kwa Montfort. Mjumbe wake Edel Quinn, mwanamke Mwairishi mwenye kifua kikuu, alifika Kenya mwaka 1936, akazunguka Afrika Mashariki akiwafundisha Wakristo wa kawaida kutembelea nyumba wawili wawili. Alifariki Nairobi tarehe 12 Mei 1944, akiwa na miaka 36, na huko ndiko alikozikwa.